Jina la Hawe Kadzo Halikufutwa

Kahindi mwanangu,

Sikuandikii kukukumbusha sweta. Kwamba Nairobi kuna baridi kila mtu amekwisha kukwambia, na shangazi zako wamekuletea masweta ya kutosha kufungua duka. Mambo ya kula, ya kulala, ya kuificha simu usinyang'anywe njiani, hayo utayajua mwenyewe ukifika. Mimi nakuandikia kwa sababu nina hasira nawe, na hasira hii siwezi kuipandisha treni kesho asubuhi pamoja na mabegi yako ikaenda zake. Itabaki hapa Changamwe na mimi, kwa hiyo afadhali uijue.

Umetoka kwenda Mikindani kuwaaga wenzio. Baba yako yuko zamu bandarini. Nyumba imetulia, isipokuwa hizi ndege zinazoshuka uwanjani juu ya mabati yetu, na kila ikipita moja nasimamisha kalamu kana kwamba kuna mtu ninayezungumza naye. Ni mazoea. Tangu uzaliwe tumekuwa tukikata maneno katikati, ndege ipite, kisha tuendelee palepale tulipoachia. Alhamisi mezani ndege ilipita na hatukuendelea. Basi mimi naendelea sasa, na wewe utasoma kwa sababu huna la kufanya.

Nianze mbali kidogo. Ulikuwa ungali unavaa kaptura za shule nilipopata kazi ya kupanga kurasa kwa yule mwenye duka la kuchapa pale Magongo. Nilipanga kadi za harusi, ratiba za mazishi, kalenda za saluni. Ndipo kina mama wa kanisani wakaniambia, wewe mwenye kompyuta, mbona hutuandikii nyimbo zetu? Walikuwa wakisema zile za Kigiriama ambazo hazikuwa katika kitabu chochote. Zilikaa vifuani mwa wanawake waliotoka Ganze na Kaloleni wakaja kutafuta maisha huku, kila mmoja na zake.

Desturi ya kanisa letu unaijua, lakini naiandika hapa kwa sababu nadhani uliisahau. Wimbo una mwenyewe. Aliyeutunga, au aliyeachiwa na mamake, ndiye anayeuanzisha. Akiwa yumo kanisani, hakuna mwingine anayefungua mdomo kabla yake, hata awe mchungaji. Yeye akishika sauti ndipo wengine wanaingia. Akizeeka sana humteua wa kumrithi, na jambo hilo hutangazwa mbele ya watu kama harusi. Kwa hiyo nilipokwenda kuzikusanya, wote walitaka neno moja kutoka kwangu: kwamba chini ya kila wimbo pataandikwa nani anauanzisha. Nilikubali. Bila hivyo wasingenipa hata ubeti mmoja.

Hawe Kadzo ndiye aliyekuwa na nyimbo nyingi kuliko wote. Tunamwita hawe, yaani nyanya, ingawa si wa damu yetu. Lakini ni mgongo wake uliokubeba nilipokuwa nikienda kazini na sina wa kukuachia.

Mwanzo nilifanya mambo kijinga. Niliziandika nyimbo mara tatu: faili moja la karatasi, moja la simu, na moja la kurushwa ukutani kanisani. Nikisahihisha neno huku, kule linabaki bovu. Jumapili moja wenye karatasi wakaimba hili na wanaotazama ukuta wakaimba lile, mchungaji akacheka hadi akakaa chini. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na ndipo nikajifunza namna ya kuandika inayoitwa XML. Huko nyimbo zinaandikwa mara moja tu, katika faili moja, na kila kitu kinabandikwa jina lake: huu ni wimbo, huu ni ubeti, hiki kiitikio, huyu mwanzilishi. Halafu kuna faili la pili, faili la mtindo, lenye kanuni zake. Ukikutana na ubeti, uandike hivi. Ukikutana na kiitikio, ulaze herufi. Ukikutana na mwanzilishi, weka jina lake chini ya kichwa. Kompyuta inalichukua faili la kwanza, inalipitisha kwenye la pili, na kinachotoka ni ukurasa. Ukitaka ukurasa wa simu unabadilisha mtindo tu. Nyimbo zenyewe huzigusi.

Ulikuwa ukiketi ubavuni mwangu ukila mabuyu, ukiniachia vidole vyekundu kwenye kibodi, na ukalielewa jambo hilo upesi kunishinda. Nilikufundisha kupanga mgeuzo, yaani huko kulipitisha faili kwenye mtindo, ndani ya kihariri, ile programu tunayoandikia mafaili haya. Unachagua faili linaloingia, unachagua mtindo, unasema kinachotoka kiwekwe wapi, unaupa mpango wako jina, unauhifadhi. Kesho yake huhitaji kukumbuka lolote, unachagua jina na kubonyeza. Nilikipenda sana kitu hicho. Mtu anapanga akili zikiwa zimetulia, halafu siku akiwa amechoka mpango unamfanyia kazi. Tulikuwa na mipango mitatu, chapa, simu na ukuta, na wewe ulikuwa ukigombania kubonyeza.

Siku niliyoharibu unaikumbuka? Nilikuwa na haraka, nikijaribu wimbo mmoja tu uonekane vipi kwenye simu, na mahali pa kusema kinachotoka kiwekwe wapi nikaweka lile lile faili linaloingia. Nikabonyeza. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Iligeuza vizuri kabisa, ikauweka ukurasa wake wa wimbo mmoja juu ya nyimbo zote. Za kina mama wengine nilikuwa na nakala. Zile nilizotoka kuziandika kwa Hawe Kadzo asubuhi ile zilikwenda na maji.

Nilirudi kwake nimejikunyata, nikasema shikamoo hawe. "Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka?" Nikamweleza. Akacheka mpaka leso ikamvuka kichwani. "Kumbe chombo chako kinameza! Changu mimi hakimezi. Kaa kitako, tuanze tena." Akaniimbia zote upya, polepole safari hii, akisimama kila mstari nipate kuandika, na wewe ulikuwa ukimpepelea jiko. Jua lilizama tungali hapo. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini sikuwa mwangalifu.

Tangu siku ile naiogopa kazi inayokwisha bila kelele. Lakini hilo sikukufundisha, na hapo ndipo ninapojilaumu. Nilikufundisha kutafuta mstari mwekundu. Kosa likiwapo, nilikwambia, kihariri kitakuonyesha. Usipoona nyekundu, uko salama. Ni uongo, mwanangu. Nyekundu inaonyesha kile ambacho kompyuta imeshindwa kukifanya. Haikuonyeshi ilichofanya vizuri sana ambacho hakikufaa kufanywa. Nilikulea ukijua kusoma kilichotoka, sikukulea kuuliza ni nini hakikutoka.

Haya, tuje kwa Karisa. Nilikua naye katika kwaya ya vijana, alikuwa akiimba besi na kunikanyaga viatu. Wewe unamwita mjomba kwa heshima tu. Aliposema amefungua nyumba ya vitabu Nairobi na atazichapa nyimbo zetu, nililia kwa furaha, baba yako ni shahidi. Nilimaliza kazi, nikabonyeza chapa, nikasoma kila ukurasa, kila wimbo na jina lake. Nikakwambia, "Kahindi, hebu mtumie mjomba wako, mimi nawahi samaki kabla hawajaisha." Sikukaa kutazama ukituma. Nitazame nini, na anayetuma ni wewe?

Siku vitabu vilipofika kanisani uliona kama mimi, maana ulikuwa umesimama nyuma karibu na mlango. Sasa najua kwa nini ulichagua mlangoni.

Hawe Kadzo alikuja na leso mpya. Hajui kusoma, kwa hiyo alimpa mjukuu wake kitabu. "Nitafutie ule wa kumuaga msafiri," alimwambia, "kisha usome jina langu kwa sauti, hawa walioketi nami hapa wasikie." Mtoto akautafuta, akasoma kichwa cha wimbo, akarukia ubeti wa kwanza.

"Jina kwanza, mwanangu."

"Halipo, hawe."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Halipo."

Wanawake wengine wakaanza kufungua vitabu vyao, na nikawasikia wakifunua kurasa mbio mbio, huku na huku, kama watu wanaotafuta mtoto aliyepotea sokoni. Mbele kabisa paliandikwa kwamba nyimbo zimekusanywa na nyumba ya vitabu ya Karisa. Kwingine kote, hakuna jina. Mchungaji maskini, hana habari, akatangaza wimbo ule ule wa kumuaga msafiri, kwa namba yake kitabuni. Hawe Kadzo akabaki ameketi, kitabu mapajani, midomo imefungwa. Tukasubiri. Hakuna aliyethubutu kuanzisha, maana mwenyewe yumo. Sijawahi kulisikia kanisa letu likiwa kimya namna ile, na siku hiyo hata ndege haikupita kutuokoa. Mwishowe mchungaji akasema tuingie kwenye matangazo.

Nje, Mama Riziki alisema kwa sauti kwamba nimewauza. Wengine walinipita tu. Hawe Kadzo alinishika mkono. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonichoma. "Nyimbo nilikupa mimi," alisema. "Kitabu hiki umempa nani?"

Nilimpigia Karisa nikamtukana matusi ambayo sikujua kama bado ninayo. Akanijibu kwa upole, "Dada, mimi nimechapa nilicholetewa." Nikamwita mwongo, nikamkatia simu. Wiki nzima nikatembea nikimlaani. Nilimlaani jikoni, nikamlaani kwenye foleni ya maji, nikamwombea mabaya ambayo sitayaandika hapa. Nawe ulikuwa ukinisikia, Kahindi. Ulikuwa ukipakia nguo zako chumbani, ukinisikia nikimlaani mtu kwa jambo ulilofanya wewe, na hukusema lolote.

Mpaka Alhamisi. Tulikuwa tukila sima na mchicha wa nazi, nami nikaanza tena. "Karisa amefuta majina ya watu. Mungu anamwona."

Na wewe, bila kuinua macho: "Hayakufutwa, Mama. Yako palepale kwenye faili. Hayatoki tu."

Nililirudisha tonge sahanini. Mtu mwingine yeyote angesema yamefutwa. Aliyejua kwamba hayakufutwa ni yule aliyeyanyamazisha. Nikakuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, ni nani aliyefanya yasitoke. Ukasema, "Mjomba alisema ukurasa ungependeza zaidi bila majina." Ndege ikapita. Ilipokwisha kupita ulichukua sahani yako ukaenda kuiosha. Tangu nikuzae hujawahi kuosha sahani bila kuambiwa, na ndivyo nilivyojua kwamba umejua nimejua.

Kesho yake niliifungua kompyuta. Chini ya chapa, simu na ukuta kulikuwa na mpango wa nne, na ulikuwa umeuita chapa safi. Safi! Kwani Hawe Kadzo ni uchafu? Uliunakili mtindo wangu, ukabadilisha kanuni moja ikawa kanuni tupu: ukikutana na mwanzilishi, usifanye lolote. Ni mstari mmoja tu. Na sitakunyima haki yako, ni kazi safi kweli, maana hata nafasi iliyobaki chini ya kichwa cha wimbo uliibana ukurasa usionekane na pengo. Ulilionea haya pengo la ukurasa. Nililia pale kwenye kiti hadi jirani akabisha kuuliza kama kuna msiba.

Karisa aliniumiza, ndiyo. Lakini Karisa anaishi mbali na alinikanyaga viatu tangu zamani, nilipaswa kumjua. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliishona mwenyewe, nikaipiga pasi, nikajivunia mbele za watu. Kila ulichotumia kuniangusha ulikipata kwangu. Mpango niliuacha wazi mahali tunapoingia sote wawili ili wewe usipate taabu ya kuniuliza. Ningeuweka upande wangu peke yangu kama wafanyavyo watu wasioaminiana, tusingefika hapa. Na bado nikiambiwa nichague upya, sijui kama ningekufungia mlango.

Wiki ile ile uliyomtumia kurasa, Karisa akasema ana nafasi ya kazi kwa ajili yako. Sisemi alikununua. Ingekuwa nafuu kama angekununua, ningekulilia kama mtu aliyeibiwa. Alikwambia ingependeza, nawe ukataka kumpendeza, basi. Sikuzuii kwenda kwake. Kazi ni kazi, na huko utajifunza ambayo mimi siwezi kukufundisha. Watakwambia toa hiki, punguza kile, na mara nyingi watakuwa na haki, maana si kila kitu kinastahili ukurasa. Mimi mwenyewe nimewatoa wengi kwenye ratiba za mazishi kwa sababu karatasi ilikuwa ndogo, na kuna familia hadi leo hawanisalimii. Nilidhani ni watu wenye visirani. Juzi ndipo nimewaelewa, na nimeona haya kupita mbele ya milango yao.

Ile kanuni tupu sikuifuta. Nilishika kibodi nikataka kuifuta, kisha nikaiacha, nikaacha na jina lako la chapa safi vile vile. Kitabu kitachapwa tena siku moja, na utakuwa umeketi karibu na mashine kuliko mimi. Uifute wewe.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Leo mchana nilikwenda kwa Hawe Kadzo.

Hakuna mtoto wa kanisa letu anayesafiri bila kuimbiwa ule wimbo mlangoni kwao, na anayeuanzisha ni yeye. Nina hasira nawe, lakini wewe ni mwanangu, na sikutaka utoke hapa kimya kama mtu anayefukuzwa. Nilikwenda nikijua atakataa. Nilimkuta akichambua kunde. Nikamsalimu, nikakaa chini, nikamwomba.

"Kahindi?" akasema. "Si yule niliyembeba? Nitakuja. Mamake ameniangusha, yeye kanikosea nini?"

Kisha akaacha kuchambua. "Hebu niambie sasa, mwanangu, maana nimejiuliza sana. Ni nani hasa aliyelitoa jina langu?"

Jina lako lilikuwa ulimini mwangu. Niliusikia uzito wake. Nikamwambia, "Ni mitambo ya Nairobi, hawe."

Aliniamini. Alitikisa kichwa, akarudia kunde zake. "Haya," akasema. "Mitambo haina mama."

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimelifanya lile lile, Kahindi. Jina lako sikulifuta. Liko palepale, nalijua, ningeweza kulisema. Sikulitoa tu. Nilidhani nikijua ilivyo rahisi hasira itapungua, lakini imezidi, kwa sababu sasa umenifanya nimdanganye mwanamke aliyekaa na mimi hadi jua likazama akiniimbia upya nyimbo nilizozipoteza. Sasa nina deni la neno kwake, na neno hilo ni lako.

Mimi sitamwambia. Nimefikiri jioni nzima na nimeamua hivyo, usidhani ni kwa kukuficha.

Barua hii naiweka juu ya kibodi kwa sababu wewe hufungua kompyuta kabla hujanawa uso. Chai iko kwenye chupa, na mahamri nimekufunikia. Hawe Kadzo atafika kabla jua halijakolea, na baba yako atakuwa amerudi. Msalimie hawe kwa heshima, naye atakuitikia na kukushika shavu kama afanyavyo. Halafu atasimama pale mlangoni, atajifunga leso vizuri, atavuta pumzi ya kushika sauti.

Mwambie kabla ya pumzi hiyo. Huenda akafunga midomo kama alivyofanya kanisani, ukaondoka bila kuimbiwa, na mimi sitaweza kukusaidia, maana wimbo si wangu. Huenda akaimba. Sijui, na sikudanganyi kwamba najua. Lakini usipomwambia ataimba tu, vizuri kabisa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, watu wote watapiga makofi, na ni wewe na mimi peke yetu tutakaojua ni nini hakikutoka.

Mamako